Geji ya joto la oili ya kujitengenezea kwenye MX-5: namba safi, skrini inatia hasira

Niseme mapema kabisa ili asiye na muda asihangaike: hii geji inafanya kazi, namba zake naziamini, na sitaki tena kuendesha hili gari bila hiyo. Ila kama unachotaka wewe ni namba tu pale mbele yako na huna hamu ya kukaa umeinamia waya na chuma cha kulehemu, nunua geji ya duara ya milimita 52 iliyotengenezwa tayari, funga, endelea na mambo yako. Haka kadude kanamfaa mtu ambaye kutengeneza kwenyewe ni nusu ya raha.

Gari ni Mazda MX-5 kizazi cha pili, ile inayoitwa NB, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005, injini ya 1.8. Kagari kepesi, viti viwili, paa linafunguka, tairi za nyuma ndo zinasukuma. Kwenye dashibodi kuna geji ya presha ya oili, ukiiangalia imekaa katikati imetulia unajisemea mambo safi. Kumbe ile ni pambo. MX-5 za mwanzo kabisa zilikuwa na geji ya presha ya kweli, lakini kuanzia modeli ya 1995 nyuma yake kuna swichi tu, presha ikiwepo hata kidogo mshale unapanda unakaa katikati, presha ikipotea unaanguka, basi. Na geji ya maji nayo imetulizwa makusudi, ikishafika katikati inakaa hapo hapo hata maji yakipanda au kushuka nyuzi nyingi tu, mpaka mambo yaharibike kweli ndo inasogea. Yaani una geji mbili na zote zinakuambia usiwe na wasiwasi, na joto la oili lenyewe halipo kabisa.

Mtu atasema si uchomeke kile kisomeo cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari, usome kwenye simu. Haitoki. Kwenye mfumo wa OBD-II nafasi ya joto la oili ipo, ni ile yenye namba PID 5C, lakini nafasi kuwepo sio gari kujibu, kama kiwandani hawakufunga sensa ya joto la oili hakuna cha kusoma, na NB haina.

Kwanini nijisumbue na joto la oili wakati gari limeenda miaka yote bila hiyo namba? Chukua oili ya kawaida ya 5W-30. Hiyo 30 inasema kwamba oili ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi, uzito wake wa kutiririka uko kati ya sentistoki 9.3 na 12.5. Oili hiyo hiyo ikiwa na nyuzi 40 ni nzito mara sita hivi, na ukiipeleka 130 inabaki karibu nusu ya ilivyokuwa kwenye 100. Sasa metali za kranki, yaani beringi zinazoibeba, hazina habari na maji yako yamefika ngapi, zinaishi kwa utando wa oili, oili ikiwa nzito mno haifiki vizuri kila kona, ikiwa nyepesi mno utando unakatika chuma kinagusa chuma. Kwenye gari la kwendea sokoni tofauti hiyo utaisikia baada ya miaka mingi au usiisikie kabisa, kwenye gari ambalo ukilipanda tu mguu unawasha ni habari nyingine.

Tuanze na sensa maana hapo ndo pa kutuliza akili. Watu wanahangaika na skrini ya rangi na maandishi ya kupendeza afu sensa wanaokota yoyote. Kale ka DS18B20 kanakopendwa na kila anayejifunza Arduino, ile bodi ndogo ya kuandikia programu, kale kenye kichwa cha chuma na waya mweusi, mwisho wake ni nyuzi 125. Oili ya gari la michezo likikanyagwa sawasawa inafika hapo na kupita, yaani kanakata kauli pale pale ulipokuwa unakahitaji, na ule waya wake wa plastiki ukikaa karibu na egzosti hauna maisha. Themokapo ya aina ya K, sensa ya nyaya mbili za metali tofauti, pamoja na bodi ya MAX6675 inasoma mpaka nyuzi elfu moja na kitu, sawa, ila ishara yake ni ndogo mno, mikrovolti 41 hivi kwa kila nyuzi moja, na chini ya boneti ambako plagi zinapiga cheche muda wote utapata namba zinazorukaruka mpaka ukate tamaa. Na hata hivyo nani anahitaji nyuzi elfu kwenye oili.

Niliyofunga mimi ni Bosch NTC ya M12 (tredi ya milimita 12), sensa ndogo ya pini mbili iliyotengenezwa kwa ajili ya maji na oili, inasoma kuanzia hasi 40 mpaka 150. NTC maana yake joto likipanda ukinzani unashuka. Kwenye nyuzi 20 ni ohm 2,500, kwenye 60 ni 596, kwenye 100 ni 186, kwenye 120 ni 113, kwenye 140 ni 71. Zikariri hizi namba kidogo maana nitazirudia. Na hizo pini mbili sio mapambo: sensa za waya mmoja zinatumia bloku ya injini kama ethi, sasa ukizungushia tredi ile tepu nyeupe ya mafundi bomba ili isivuje, umeshaidhoofisha ethi yako mwenyewe, na ukiwasha taa na feni ya radieta namba inahama wakati oili haijabadilika hata kidogo. Ya pini mbili ethi yake inarudi moja kwa moja kwenye bodi yako, stori imeisha.

Pa kuifunga kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni plagi ya kumwagia oili chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwenye hii injini ni M14x1.5, unaitoa unaweka nyingine yenye tundu la sensa siku unabadilisha oili na kazi imekwisha. Rahisi. Ila MX-5 iko chini, sensa na waya wake vinaning'inia chini ya sampu vikiangalia lami, tuta moja baya tu unamwaga oili yote barabarani. Sijaipenda. Njia ya pili ni ile pleti ya alumini inayobanwa kati ya filta na bloku, oili inayotoka kwenye pampu inapita hapo kila sekunde kwahiyo namba inafuata injini haraka, na sensa inakaa juu ambako hakuna cha kuigonga.

Tredi ya filta kwenye hii injini ni M20x1.5 na pleti za saizi hiyo zimejaa. Tatizo ni kwamba matundu yake ya pembeni huwa yanakuja na tredi ya 1/8 NPT, ile ya mabomba ya Kimarekani, na sensa yangu ni M12x1.5. Adapta zipo, ila adapta inaisogeza sensa nje, ncha inabaki imejificha ndani ya kishimo ambako oili imesimama, unaishia kupima joto la kipande cha alumini. Dawa ni kutoboa upya. Drili ya milimita 10.5 inafuta tredi yote ya NPT, maana kipenyo chake cha nje ni kama 10.3, halafu tundu linalobaki ndo saizi kamili ya kupigia tepu ya M12x1.5, yaani kile chuma cha kukatia tredi. Bana pleti kwenye jiriwa, weka mafuta, zungusha tepu nusu mbele robo nyuma, usiwe na haraka kwa sababu alumini inapenda kung'ang'ania na ukilazimisha tepu inakatikia humo humo ndani. Kabla ya yote pima kwanza kama ukuta wa pleti una nyama ya kutosha pande zote, zipo pleti nyembamba ambazo hazifai kufanyiwa hivi.

Halafu osha. Ukimaliza osha tena, puliza kwa hewa, mulika na tochi kila kishimo. Njia ya katikati ya pleti inapitisha oili ambayo imeshachujwa inarudi kwenye injini, kijiunyoya kimoja cha alumini kikibaki hapo hakuna filta nyingine mbele ya kukikamata, kinaenda moja kwa moja kwenye metali. Hapa, na kwenye uvujaji wa oili, ndo sehemu ambazo ukizembea unaua injini, mengine mengi ukizembea unapata namba mbaya tu.

Kwa wale watakaotumia sensa ya 1/8 bila kutoboa: angalieni ni NPT au BSP, ile ya mabomba ya Kiingereza. Moja ina meno 27 kwa inchi na nyingine 28, na mizunguko ya mwanzo zinaingiana vizuri tu, inakaza, unafurahi kwamba imeshika, kumbe unakula tredi.

Kuifunga kwenyewe kunaudhi kidogo, filta ya hili gari imejificha chini ya manifoldi ya hewa, huioni, unafanya kazi kwa kupapasa na oili inakutiririkia mpaka kwenye kwapa. Weka washa ya shaba chini ya sensa, kaza kwa busara, ni alumini ile. Ukishawasha injini usiangalie uvujaji ikiwa baridi ukaridhika, subiri oili ipate moto kabisa ndo uangalie, ikiwa nyepesi ndo inatafuta upenyo.

Sasa umeme, na hapa nina ugomvi. Ukitafuta mchoro wa saketi ya NTC na Arduino utakuta karibu yote ina rezista ya kilo-ohm 10, kwa sababu NTC za kuchezea za kwenye mafunzo ni za kilo-ohm 10 kwenye joto la chumba. Watu wanaichukua hivyo hivyo wanaifunga kwenye sensa ya gari. Fanya hesabu uone. Arduino Nano inagawa volti 5 kwenye hatua 1,024. Ukitumia rezista ya kilo 10 na hii Bosch, kwenye nyuzi 100 unapata hatua ya 19 hivi, kwenye 120 unapata ya 11. Yaani nyuzi 20 nzima, zile ambazo ndo ulikuwa unazitaka, zimebanwa kwenye hatua 7 au 8, kila hatua ni karibu nyuzi 3, na skrini inakuonyesha 108, 111, 108, 111 huku gari limesimama. Weka rezista ya kilo-ohm 1 badala yake: kwenye 100 unapata hatua ya 160, kwenye 120 ya 104. Hatua 56 kwa nyuzi 20, kila hatua ni kama theluthi moja ya nyuzi. Sensa ile ile, bodi ile ile, programu ile ile, kirezista kimoja tu kimebadilika. Chukua chenye usahihi wa asilimia 1 kama unacho.

Rezista ipate umeme kutoka kwenye volti 5 hizo hizo ambazo Arduino inazitumia kupimia, hapo hata volti zikiyumba kidogo vyote vinayumba pamoja na jibu halibadiliki. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya kupimia na ethi inameza kelele za cheche, na kwenye programu nachukua vipimo 16 nagawanya wastani. Oili haibadilishi joto ndani ya sekunde moja kwahiyo hupotezi kitu, tena namba iliyotulia inasomeka kwa jicho moja ukiwa kwenye kona.

Kugeuza ohm kuwa nyuzi wengi wanatumia ile fomula ya beta kwa kuwa ni mstari mmoja. Nimeipigia hesabu kwa sensa hii, ukiipanga kwa nukta za 20 na 100 inatoka beta ya 3,550 hivi, na katikati inakwenda vizuri, kwenye 60 inakosea chini ya nyuzi moja. Ila ukipanda mpaka 140 inakosea karibu nyuzi 2, inakosea kwa kusoma juu, yaani inakutisha kabla ya wakati. Nimeacha fomula nimeweka jedwali la Bosch lenyewe ndani ya programu na kuunganisha nukta kwa mstari ulionyooka, ni kazi ya mistari kumi na kitu.

Kitu kingine ambacho ningependa kila mwenye geji ya kujitengenezea akifanye leo hii kama hajafanya: waya ukikatika inasomaje? Kwenye saketi hii waya ukikatika volti zinapanda mpaka juu, hatua ya 1,023, na programu isiyo na akili inatafsiri hiyo kama baridi kali, hasi 40 na kuendelea. Dereva anaona oili ya baridi, anajua haina shida. Hapana! Geji ya joto haitakiwi kuharibika kuelekea upande wa usalama. Hatua ya juu kabisa ambayo sensa hii inaweza kutoa kihalali, kwenye hasi 40, ni 1,001 hivi, kwahiyo programu yangu ikiona zaidi ya 1,010 inafuta namba na kuandika WAYA, na ikiona chini ya 20 inaandika SHOTI. Nimeijaribu kwa kuchomoa soketi ya sensa injini ikiwa inanguruma, ikaandika hapo hapo.

Kupima kama haidanganyi, kabla ya kufunga niliitumbukiza ncha kwenye maji yenye barafu iliyopondwa halafu kwenye maji yanayochemka. Kumbuka maji hayachemki kwenye 100 kila mahali, yanashuka kama nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, mtu wa milimani akiona 95 asianze kufumua saketi.

Umeme wa gari ni mchafu kuliko watu wanavyodhani. Injini ikiwaka alteneta inaleta volti 14 na ushee, wakati wa kupiga stata zinaporomoka, na katikati kuna miruko ya ghafla. Usiupeleke moja kwa moja kwenye pini ya VIN ya Nano, ile ya kuingizia umeme, kale kakirekebishi kake kadogo kanageuza volti zote zilizozidi kuwa joto na kwenye gari lililopigwa jua hakadumu. Niliweka kibadilishaji cha volti cha LM2596 kimepangwa kwenye volti 5, mbele yake kuna fyuzi ya amp 1 na dayodi ya TVS ya kumeza miruko, na umeme nimeuchukua kwenye laini inayokuja swichi ikiwa ON tu, la sivyo asubuhi betri haina kitu. Waya wa sensa upitishe mbali na nyaya za plagi, na unapoingia ndani pita kwenye mpira uliopo wa ukuta wa injini, usitoboe chuma kitupu ukaacha waya unasagika.

Haya, skrini. Nilitumia OLED ya inchi 0.96 yenye chipu ya SSD1306 kwa sababu kila mtu anaitumia, usiku ni tamu kweli kweli, namba nyeupe kwenye giza totoro, haisumbui macho. Mchana paa likiwa wazi ni takataka. Jua linapiga moja kwa moja juu yake na huoni chochote, unaona sura yako mwenyewe na vumbi. Kwenye gari lenye paa la bati ingekuwa na nafuu, ila hili ni gari la kufungua paa, ndo sababu ya kulinunua! Niliweka kofia ndogo ya kuzuia jua, ikasaidia kidogo, kona ikigeuka jua linaingia upande wa pili. Juu ya hapo kila kilichoandikwa pale pale muda wote, kama neno OILI na ile alama ya nyuzi, kinaanza kubakia kama kivuli hata skrini ikionyesha kitu kingine. Na kama unachapa kasha lake kwa mashine ya 3D usitumie plastiki ya PLA, inalegea kwenye nyuzi 60 hivi na dashibodi iliyokaa juani inafika huko, kasha linajikunja skrini inaangalia sakafu. ABS inahimili.

Kwenye kuendesha sasa ndo unapoona umuhimu wake, na sio pale nilipotegemea. Nilidhani nitaitazama zaidi nikiwa nakimbia. Kumbe ninaitazama zaidi mwanzoni mwa safari. Maji yanapanda upesi, mshale unafika katikati, kila kitu kwenye dashibodi kinakuruhusu ukanyage, na oili wakati huo iko kwenye hamsini na kitu. Inachukua mara mbili mpaka mara tatu ya muda wa maji kabla haijafika 80. Nilikuwa na rafiki yangu pembeni, naye ana MX-5, tukatoka taratibu tukafika sehemu nzuri iliyonyooka, akaniangalia.

"Kaka, mbona unaendesha kama umebeba mayai?"

"Oili bado, iko 54."

"Maji si yameshapanda?"

Nikamwonyesha kidole kwenye namba. Akanyamaza kidogo, akaanza kuhesabu kimoyomoyo, unamwona kabisa, ni asubuhi ngapi ameshalipigisha lake mpaka mstari mwekundu akiangalia mshale wa maji. Tulivyorudi swali lake la kwanza lilikuwa rezista ile ni ya ngapi.

Kwenye barabara kuu spidi ya kawaida inatulia kati ya 90 na 100, hapo ndo panapotakiwa, oili inakuwa na moto wa kutosha kufukuza maji maji yanayoingia humo wakati injini ni ya baridi. Kitu cha kuvutia ni kwamba kinachopandisha joto la oili zaidi ni RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, kuliko kukanyaga. Panda mlima kwa gia ya nne umekanyaga sana lakini mzunguko uko chini, inasogea kidogo tu. Panda mlima ule ule kwa gia ya pili injini ikilia juu ya 6,000 na utaiona inapita 110, inaelekea 120, maana msuguano kwenye metali unakua na mzunguko. Na ukiachia haishuki haraka kama ilivyopanda, ndo maana ukimaliza kukimbia endesha pole pole kwanza kabla ya kuzima. Mshale wa maji muda wote huo? Katikati, umetulia, hauna habari.

Ukiilinganisha na geji ya 52 iliyotengenezwa tayari, ile inashinda kwa kuonekana juani, kwa mwonekano, na kwa kuwa hutakiwi kuelewa chochote. Mshale nao una faida yake, unaona mwelekeo bila kusoma. Yangu inashinda kwa kuandika WAYA badala ya kudanganya, nyingi za bei nafuu hazifanyi hivyo, na kwa kuwa alamu naipanga ninavyotaka. Nimeweka viwango vitatu: chini ya 70 taa ya bluu, hapo sipiti RPM 3,000. Kwenye 120 taa ya njano, napunguza RPM za juu. Kwenye 130 baza inalia na mguu unatoka, hakuna mjadala. Hizo ni za oili yangu na injini yangu, mwenye kupozea oili au oili nzito zaidi apange zake.

Nikiitolea maksi: sensa na pleti 9, saketi 8, skrini 3. Ile OLED nimeshaing'oa. Nimeweka kale kadisplei ka tarakimu nne za LED nyekundu kanakoendeshwa na chipu ya TM1637, kabaya, kanafanana na saa ya ukutani ya zamani, hakaandiki WAYA vizuri kwahiyo nimepanga kaonyeshe mistari minne inayopepesa, ila mchana wa jua kali paa likiwa wazi nasoma 96 bila kukunja uso. Usiku kanang'aa kupita kiasi, nimekaunganisha na waya wa taa ndogo ili taa zikiwashwa programu ikapunguze mwanga. Nikipata nafasi nitakatafutia pa kukaa kwenye lile tundu la duara la hewa la upande wa dereva, kwa sasa kamebandikwa juu ya kava la stelingi na gundi ya pande mbili.